Jirani Kabla ya Nyumba

Juzi nilipelekwa Kericho mjini kuitazama nyumba ya zamani iliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi: duka mbele, makazi nyuma, familia mbili, ukuta mmoja, paa moja. Nusu yake yauzwa. Bei ilinivutia, kwani mtaa wabadilika, na pembeni maghorofa yameanza kupanda.

Sikutoa hata senti. Nilibisha kwanza mlango wa pili. Bibi wa humo, Mkipsigis, hakuwa na habari ya mauzo, ilhali hati ya kiwanja ni moja na yeye ni mshirika!

Sisi wa pwani twaijua shufaa: mshirika hutangulia mgeni katika kununua. Nayo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 yaelekea huko huko: mwenye fungu katika ardhi isiyogawanywa asimuuzie mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzake, nao wasiizuie bila sababu ya haki.

Ndugu msomaji, katika mvua za Kericho, abomoaye nusu yake humwachia mwenzake ukuta uchi. Nimemwachia bibi achague kwanza. Asiponunua, akaridhia, nitanunua mimi, na paa tutaliezeka pamoja.