Tahariri: Pweto ianze na mashini ya kwanza

Kuanzia mwaka 2002, shaba na feza za mgodi wa Dikulushi, katika eneo la Pweto, zilipelekwa Kilwa na kuvushwa Ziwa Moero hadi Zambia zikiwa bado mchanga wa madini. Utajiri ulivuka ziwa bila umbo. Mama anayenunua beseni la kiwandani kwenye soko la Pweto analipia pia safari ndefu ya kulifikisha.

Wakati huohuo, ulimwengu unabadilisha namna ya kutengeneza vitu vya bati. Viwanda vya magari vinataka aluminiamu kwa kuwa uzito wake ni karibu theluthi moja ya uzito wa chuma. Shida ni kwamba inapasuka upesi inapobanwa kwenye pembe kali. Namna ya zamani ni kusukuma bati ndani ya kalibu kwa mashini nzito; ndivyo sufuria na sinki zinavyopatikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ambako Vincent Vohnout alitoa kazi yake ya udaktari juu ya jambo hilo mwaka 1998, na baadaye wale wa Dortmund, Ujerumani, waliunganisha namna hiyo na nguvu ya sumaku. Kwanza mashini inalipa bati sehemu kubwa ya umbo. Kisha umeme uliowekwa akiba unaachiliwa kwa ghafula ndani ya koili. Sumaku inayozaliwa inalitupa bati kwenye kalibu kwa mwendo unaoweza kupita mita 100 kwa sekunde, na pembe inatimia bila kupasuka.

Koili hiyo mara nyingi ni ya shaba.

Hapo Haut-Katanga inapaswa kujiuliza. Congo inachimba zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, lakini sehemu kubwa inatoka inchini bila kugeuzwa hata waya. Mababu waliomimina misalaba ya shaba, karne nyingi kabla ya Wabelgiji, hawakuishia kwenye kuchimba: walilipa madini umbo na bei.

Wengine watasema kwamba sumaku na koili ni ndoto kwa muji wa wavuvi. Wana haki kwa sehemu. Lakini teknolojia hiyo yenyewe inatoa somo: hata Ohio, sumaku inamalizia tu. Kazi kubwa inafanywa na mashini ya kawaida na kalibu iliyochongwa vizuri. Asiyekuwa na ya kwanza hafiki kwenye ya pili.

Na ya kwanza ina faida ya haraka. Sufuria nyingi za mafundi wetu zinamiminwa kwa aluminiamu chakavu, vikiwemo vipande vya injini. Uchunguzi juu ya sufuria za namna hiyo inchini Kamerun, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba zinaweza kuachia risasi ndani ya chakula, sumu inayoharibu akili za watoto. Kosa si la fundi; anatumia anachopata. Akipewa bati safi, mashini na mafunzo, atatoa sufuria nyepesi isiyodhuru.

Pesa hazikosekani. Sheria ya migodi ya 2018 inapatia jimbo 25% ya mrabaha wa madini, na maeneo madogo yenye migodi 15%. Sehemu yake ijenge karakana moja Pweto, pamoja na INPP na Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Umeme nao utafutwe karibu: mto Luvua, unaotoka ziwani hapohapo Pweto, ndio uliozungusha mitambo ya Piana-Mwanga, iliyojengwa kwa ajili ya migodi ya Manono.

Gavana na wabunge wa jimbo wanapopanga bajeti, waandike mstari huo mmoja. Mgodi huisha. Kijana anayejua kuchonga kalibu atabaki na kazi yake hata siku mgodi utakapofungwa.