Wingi wa Mauzo si Wingi wa Wanunuzi

Ndugu zetu Waislamu, vijana wamekuwa wakitujia baada ya Sala, simu mikononi, wakitutaka tukubali kwamba sarafu fulani ya kidijitali ni ya kuaminika kwa kuwa kiasi cha biashara yake kwa siku ni mamilioni ya dola. Hukumu ya sarafu hizi wanavyuoni wangali wanaijadili, nasi hatuingii humo. Neno letu ni juu ya hiyo tarakimu.

Kiasi cha biashara ni jumla ya mali iliyouzwa na kununuliwa katika muda fulani, aghalabu saa 24. Kikiwa cha kweli kina faida: mwenye kuuza humpata mnunuzi bila ya kuiangusha bei. Lakini mtu mmoja mwenye akaunti mbili aweza kujiuzia sarafu zake 100 mara kumi. Soko litaandika 1,000, ilhali mali haikutoka mfukoni mwake. Wenye masoko nao hunufaika, kwani tarakimu kubwa huvuta wateja.

Hii si dhana. Machi 2019 kampuni ya Bitwise iliieleza Tume ya Dhamana ya Marekani kuwa, katika masoko 81 iliyoyachunguza, bitcoin za dola bilioni 6 zilitangazwa kuuzwa kwa siku. Za kweli zilikuwa kama milioni 273. Oktoba 2024 ikabainika kuwa wapelelezi wa FBI waliunda sarafu yao wenyewe, NexFundAI, ili kuwanasa wanaouza huduma ya mauzo ya uongo. Wakanasika. (Wachunguzi wana na hila nyepesi zaidi: binadamu hupenda namba kamili, 1, 5 au 10, programu inayojiuzia haina mapenzi hayo.)

Mtume (s.a.w.) alikataza najshi, yaani mtu kuipandishia bei bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili mwingine ahadaike. Kwa maoni yetu kujiuzia huku ni katika mlango huo huo. Atakayesema kuwa hapa bei haikuguswa, tunamuuliza: umati ule wa uongo ulipangwa kwa ajili ya macho ya nani?

Kijana atakayetuonesha simu tena tutamwomba afungue orodha ya wanaosubiri kununua, kisha atuambie: zikiuzwa za dola 10,000 sasa hivi, bei itashuka kiasi gani?