KIJIKO GANI?

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi mwilini. Asiporudishiwa upesi anaweza kufa. Tiba yake ya kwanza ni pakiti ya chumvichumvi ya zahanati. Ikikosekana, mama hutengeneza nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha.

Sasa tazama. Mwandishi wa gazeti akisahau maneno mawili tu, "cha chai", msomaji atachukua kijiko kikubwa cha mezani. Hicho hujaa vijiko 3 vya chai. Chumvi na sukari zitazidi mara tatu, na mchanganyiko huo utamdhuru mtoto badala ya kumponya.

Kwa nini makosa haya hutokea? Mwandishi si daktari. Ana haraka, nafasi gazetini ni ndogo, tena huona haya kuuliza. Lakini mtaalamu naye ana lawama. Husema "gramu" na "mililita" akaenda zake; gazeti likikosea, hulicheka.

Wataalamu, njooni na kijiko na chupa. Pimeni mbele ya mwandishi. Someni habari kabla haijapigwa chapa, na ikikosewa tuandikieni mara moja tuisahihishe. Waandishi, ulizeni: kijiko gani?

Nawe msomaji, ukiona kipimo kisichoeleweka usibahatishe. Mwulize mganga wa zahanati. Kuuliza si ujinga.