Taa si dawa ya mama, nenda kwa mganga

Ndugu wafanyakazi, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia na mabuti. Leo tuingie nyumbani, tuseme juu ya ugonjwa ambao mama wengi wanauficha kwa haya: fangasi za ukeni.

Katika wanawake 4, karibu 3 hupatwa nao angalau mara moja maishani. Dalili zake ni kuwashwa sana, maumivu wakati wa kukojoa, na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Unaletwa na kimelea kiitwacho kandida. Hicho hukaa mwilini bila kudhuru, mpaka kipate nafasi: mimba, ugonjwa wa sukari, upungufu wa kinga, au kumeza antibiotiki ovyo. Mama anayeosha mchanga wa dhahabu majini asikae na nguo mbichi mpaka usiku, wala asijioshe ndani kwa sabuni.

Siku hizi inasemwa kwamba mwanga unauponya. Habari hiyo ina msingi. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na leo watoto wachanga wenye manjano hulazwa chini ya mwanga wa bluu. Kwa fangasi, watafiti, wengine wao wa Brazili, wamejaribu mwanga wa bluu peke yake, au kupaka rangi maalum kisha kumulika kwa mwanga mwekundu ili kandida ife. Lakini majaribio mengi yamefanywa katika maabara na kwa panya. Wanawake waliojaribiwa ni wachache. Ni tumaini, lakini bado si dawa ya kununua.

Kwa hiyo, anayekuuzia taa ya kuponya, usimpe pesa yako. Wala taa ya kichwani ya mchimbaji isitumiwe kwa kazi hiyo. Dawa zilizothibitishwa zipo: klotrimazoli ya kuweka ukeni, au flukonazoli miligramu 150 mara moja. Mwenye mimba asimeze flukonazoli. Nundu kuna hospitali kuu ya rufaa, na vijijini kuna vituo vya afya. Mama aende apimwe kwanza, maana trikomonasi na kisonono nazo huleta uchafu, zinataka dawa nyingine, na hapo mume naye lazima atibiwe.

Neno la mwisho ni letu sisi waume. Fangasi si ushahidi wa uzinzi. Hata msichana asiyejua mwanamume huzipata. Ukirudi kazini ukamkuta mama ana taabu, usimwulize alikuwa na nani. Mpe nauli, umsindikize kwa mganga. Afya ya mama ndiyo nguvu ya nyumba, na mwenye amani nyumbani hufanya kazi kwa uangalifu.