Utulivu Barabarani Huanzia Chumba cha Daktari

Mgonjwa wa shinikizo la damu anapoketi mbele ya daktari huulizwa kuhusu chumvi, sigara, pombe, mazoezi na historia ya familia yake. Ni nadra kuulizwa kama anaendesha gari. Hata hivyo, katika jiji kama Dar es Salaam wapo watu wanaoshika usukani saa tatu au zaidi kila siku. Saa hizo huchangia maradhi yao, na zinastahili kuwa sehemu ya matibabu.

Ushauri ambao dereva amezoea kupewa ni kuwa mvumilivu. Ni ushauri mwema, lakini hautoshi, kwa kuwa utulivu si suala la tabia peke yake. Dereva aliyepata usingizi haba, ambaye kiuno kinamuuma na haja imembana, hatatulizwa kwa mawaidha. Pikipiki ikimkatiza ghafla, moyo humwenda mbio, misuli ya shingo hukaza na shinikizo la damu hupanda. Mwili uliochoka hukasirika upesi.

Mfano ulio wazi ni dawa za kuongeza mkojo. Mgonjwa anayeishi Mbezi na kufanya kazi Posta huelekezwa kuzimeza asubuhi. Akizimeza kabla ya kuondoka, haja humshika katikati ya foleni ya Barabara ya Morogoro, mahali pasipo na choo wala pa kuegesha gari. Baada ya siku chache huanza kuziacha siku za kazi, naye huona haya kusema. Kliniki hukuta shinikizo liko juu, na dawa ya pili huongezwa juu ya ile ambayo haijamezwa. Swali moja tu lingemwezesha daktari kumpangia saa nyingine, pengine baada ya kuwasili kazini.

Hali ni hiyo hiyo kwa dawa nyingine. Vidonge vya mafua na mzio vya aina ya piritoni huleta usingizi, lakini huuzwa bila mnunuzi kuulizwa kama ataendesha. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi, akikawia njiani bila kula, sukari yake huweza kushuka. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa na hasira za ghafla. Huenda dereva anayefoka kwenye makutano ya barabara si mkorofi, bali ana njaa ya hatari. Mgonjwa wa namna hiyo hana budi kupima sukari kabla ya safari, kula kwanza ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, na kuweka juisi au glukosi karibu. Dalili zikimjia njiani, asimamishe gari mahali salama kabla ya jambo lolote.

Kuhusu maumivu ya mgongo, dawa za kutuliza maumivu hutolewa kwa wingi kuliko maelekezo ya kukaa. Maelekezo hayo ni mepesi na hayana gharama. Kiti kisogezwe hadi goti libaki limekunjika kidogo klachi inapokanyagwa hadi mwisho. Egemeo la mgongo lilale nyuma kidogo tu, na kitaulo kilichoviringishwa kijaze uwazi wa kiunoni. Pochi itolewe kwenye mfuko wa nyuma, maana huinua nyonga moja na kupinda uti wa mgongo. Kifua kiwe umbali wa sentimita 25 au zaidi kutoka katikati ya usukani. Katika safari ndefu, dereva ashuke na kutembea kidogo kila baada ya saa mbili.

Itasemwa kwamba wahudumu wa afya wana kazi nyingi, na kwamba foleni ya wagonjwa mlangoni ni ndefu kama ile ya barabarani. Ni kweli. Lakini swali la kama mgonjwa anaendesha, na kwa saa ngapi, halimalizi hata nusu dakika, ilhali kubadilisha dawa bila kulijua jibu lake hula miezi. Ni kweli pia kwamba dereva wa daladala anayedaiwa hesabu ya tajiri kila jioni hawezi kupumzika apendapo. Kwake yeye, ushauri wa daktari hautaondoa shinikizo lote. Waajiri nao wana wajibu wao. Hata hivyo, hiyo si sababu ya kumnyima ushauri wa kiti, dawa na mlo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Asingoje kuulizwa: aseme kwamba anaendesha, aseme ni dozi ipi anayoiruka, na kwa nini. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini ili mtu aende pole, yampasa kwanza awe na mwili unaomruhusu kutulia, na mwili huo hutunzwa kabla ufunguo wa gari haujazungushwa.