Nani Kawaruhusu Kufuta Menyu Yangu?

Kuna dhuluma inayofanyika usiku, kompyuta ikiwa kwenye chaji na mwenyewe kalala. Windows inajipandisha toleo, inajizima na kujiwasha mara kadhaa, na asubuhi mwanafunzi wa uhandisi anabonyeza kitufe akitarajia kuiona ile menyu nyeusi yenye maandishi meupe inayomuuliza leo aingie wapi, Ubuntu au Windows. Haulizwi. Skrini inaruka moja kwa moja hadi kwenye nembo ya Windows, kama vile nusu ya pili ya diski haijawahi kuwepo. Kazi yake ya muhula mzima imo humo humo ndani, haijaguswa hata herufi moja. Kilichoondolewa ni njia ya kuifikia.

Anaibeba laptopu hadi kwa fundi, na hapo dhuluma ya pili inaanza. Fundi, bila kuuliza humo ndani mna nini, anatamka maneno tunayoyajua sote: "Hii tupige window upya." Flashi inachomekwa, patisheni zote zinafutwa na kuunganishwa kuwa moja, na baada ya saa moja hivi kompyuta inawaka vizuri kabisa. Muhula wote umekwenda na maji. Mteja analipa na kushukuru, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika.

Nasema wazi: mpangilio wa kuwasha kompyuta ni mali ya mwenye kompyuta. Mfumo endeshi ni mpangaji. Ana chumba chake, na humo ndani apake rangi anayoitaka, lakini kukarabati chumba hakumpi ruhusa ya kubadilisha kitasa cha lango na kuwafungia nje wapangaji wenzake. Anayefanya hivyo hata kwenye nyumba ya udongo angeitiwa mjumbe. Kwenye kompyuta tumezoeshwa kuliita jambo hili "tatizo la kiufundi" na kunyamaza.

Tabia hii ni ya zamani. Kabla ya UEFI, yaani programu ya kisasa ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, diski ilianza na sekta moja ya baiti 512. Ndani yake baiti 446 zilibeba programu ya kwanza kabisa, ile inayoamsha nyingine zote. Baiti 64 zilizofuata zilikuwa jedwali la patisheni nne, na mbili za mwisho zilikuwa alama ya kuthibitisha kwamba diski inaweza kuwaka. Nafasi ya programu ya kwanza ilikuwa moja tu, kwa hiyo mfumo uliosakinishwa mwisho ndio ulioshika usukani. Ukiweka Linux baada ya Windows, LILO au GRUB, yaani programu ya menyu ya kuwasha, ilikaa pale na kukuonyesha mifumo yote miwili. Ukiweka Windows baada ya Linux, ilizifuta zile baiti 446 na kuweka zake, na hizo zake hazikuitambua Linux kabisa. Kisakinishi kilichokuuliza kwa upole ukanda wako wa saa na aina ya kibodi yako hakikuona haja ya kukuuliza hilo.

Kwa enzi ile mtu angeweza kutetea kwamba nafasi ilikuwa finyu. Leo utetezi huo haupo. Chini ya UEFI kila mfumo una folda yake kwenye patisheni ndogo ya FAT32: Windows ina \EFI\Microsoft, Ubuntu ina \EFI\ubuntu, na hata ukiongeza wa tatu na wa nne hawagusani. Orodha ya nani awake kwanza inatunzwa kwenye kumbukumbu ya ubao mama wenyewe. Mfumo wowote unaweza kupandishwa toleo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuigusa orodha hiyo. Si kila sasisho la Windows linaigusa, nakiri. Lakini linapoigusa na kujirudisha nambari moja, halina kisingizio hata chembe. Kulikuwa na namba zilizopangwa na mwenye mali. Sasisho limezipanga upya bila kumuuliza.

Watengenezaji wa kompyuta nao wana mkono katika hili. Mwaka 2012 Matthew Garrett, mmoja wa watu waliohangaika kuifanya Linux iweze kuwaka chini ya Secure Boot, ule ulinzi unaoruhusu programu zilizosainiwa tu kuiwasha kompyuta, alieleza kisa cha Lenovo ThinkCentre M92p. BIOS ya mashine ile ilikuwa inasoma jina la kila ingizo kwenye orodha na kukubali majina mawili tu: "Windows Boot Manager" na "Red Hat Enterprise Linux". Kama mfumo wako uliitwa jina lingine lolote, ingawa faili zake zilikuwa safi na mahali pake palikuwa sahihi, haukuwaka. Kuna mtu aliketi ofisini akaandika msimbo wa kulinganisha majina, akaupitisha, ukauzwa duniani.

Anayedhani haya ni mambo madogo ya wapenda kompyuta aisome kesi ya Be. Kampuni hiyo ya Jean-Louis Gassée ilitengeneza BeOS, mfumo uliosifiwa sana kwa wepesi wake katika kazi za sauti na video. Ilikuwa tayari kuutoa bure kwa watengenezaji wa kompyuta ili mradi ukae kwenye diski pamoja na Windows na mnunuzi achague mwenyewe anapowasha. Hitachi walikubali kuuweka. Kompyuta zilipofika sokoni BeOS ilikuwemo kwenye diski, lakini menyu ya kuchagua haikuwepo, na mnunuzi alitakiwa afuate hatua kadhaa ili aufufue mfumo ambao ulikuwa tayari wake. Be ilidai kwamba mikataba ya leseni ya Microsoft ndiyo iliyowabana watengenezaji wasionyeshe menyu isiyo ya Microsoft. Mwaka 2001 Be iliuza mali zake kwa Palm kwa dola milioni 11. Mwaka 2002 ikaishtaki Microsoft, na Septemba 2003 wakamalizana nje ya mahakama kwa dola milioni 23.25, Microsoft ikisema haikubali kosa lolote. Fidia ilizidi mara mbili bei ya kampuni yenyewe, na ililipwa wakati BeOS imeshaondoka sokoni. Hebu tafakari thamani ya menyu ya sekunde tano.

Watetezi wa masasisho watakuja na neno usalama, na neno hilo nalipa heshima yake. Ni kweli GRUB za zamani zilikuwa na mianya, na ni kweli mwenye nia mbaya angeweza kuitumia GRUB mbovu iliyosainiwa kupita ulinzi wa Secure Boot. Kuyafungia matoleo hayo ni jambo la haki. Kilichotokea tarehe 13 Agosti 2024 ni kitu kingine. Microsoft ilisambaza sasisho lenye mpangilio uitwao SBAT, wa kukataa GRUB zilizopitwa na wakati, na ikasema kwamba mashine zenye Windows na Linux pamoja hazitaguswa. Ziliguswa. Watu waliwasha kompyuta zao wakakuta mstari mweupe kwenye skrini nyeusi ukisema sera ya usalama imekiukwa na kwamba kuna jambo limekwenda vibaya sana, kisha mashine inajizima yenyewe. Hata baadhi ya flashi za kusakinishia Linux zilikataa kuwaka. Microsoft ilieleza baadaye kwamba kigunduzi chake kilishindwa kuzitambua baadhi ya mashine zenye mifumo miwili. Sasisho la Septemba likaacha kuuleta mpangilio huo, lakini suluhisho kamili lilitoka Mei 2025. Miezi tisa! Mlango wa benki ukikataa ufunguo wa mteja kwa miezi tisa, gavana angeitwa bungeni.

Na sitawaonea haya watu wa Linux, ambao mimi niko upande wao. GRUB 2.06 ilipotoka Juni 2021 ilizima os-prober kwa chaguo-msingi, yaani kile kifaa kinachokagua diski na kuiongeza Windows kwenye menyu. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama pia. Matokeo ni kwamba mtu anapandisha toleo la Linux yake, anawasha, na Windows yake haipo kwenye orodha. Mhasibu mwenye QuickBooks au Tally upande wa Windows, mchoraji mwenye AutoCAD, ambayo haina toleo la Linux, huyo naye amefungiwa nje. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la /etc/default/grub, GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha update-grub au amri inayolingana nayo. Lakini mstari huo ulipaswa kuwa swali kwa mwenye mashine kabla ya menyu kubadilika. Haikutosha kuuacha kama onyo linalopita kwenye terminali kati ya mistari mia.

Sasa nirudi kwa fundi, kwa maana hapa ndipo hasira yangu ilipo zaidi. Kampuni iko mbali; fundi yuko Kariakoo, yuko Luthuli Avenue, na laptopu iko mezani pake. Menyu ikipotea baada ya Windows kupandishwa toleo, kazi ya kwanza ni kuingia BIOS na kutazama orodha ya kuwasha. Mara nyingi ingizo la "ubuntu" liko pale pale, limesukumwa tu nafasi ya pili. Unalipandisha, unahifadhi, umemaliza. Mashine ikishaingia Linux, amri ya efibootmgr itakuonyesha mambo yote peupe: mstari wa BootOrder, tuseme 0000,0003, na chini yake majina, 0000 ni Windows Boot Manager, 0003 ni ubuntu. Unaandika sudo efibootmgr -o 0003,0000 na menyu inarudi kuwa ya kwanza.

Ingizo likiwa limefutwa kabisa, flashi ile ile ambayo fundi angeitumia kuangamiza ndiyo inayoponya, ikiwekwa Ubuntu badala ya Windows. Unawasha kwa flashi na kuchagua kujaribu bila kusakinisha. Unaipachika patisheni ya Linux kwenye /mnt na ile ndogo ya FAT32 kwenye /mnt/boot/efi, unaunganisha /dev, /proc na /sys, unaingia kwa chroot, kisha grub-install na update-grub. Hakuna faili hata moja la mteja linaloguswa. Na kwa waliokutwa na kadhia ya SBAT: unazima Secure Boot kwenye BIOS, unaingia Linux, unatoa amri ya sudo mokutil --set-sbat-policy delete, unawasha upya na kuingia Linux tena, unazifanyia GRUB na shim, ile programu ndogo inayoitangulia GRUB, masasisho yake, halafu unairudisha Secure Boot. Ila kabla ya kuigusa Secure Boot, hakikisha mteja ana ule ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, wenye tarakimu 48, maana Windows inaweza kuudai papo hapo, na asiyekuwa nao atalia kwa sababu nyingine.

Hii ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Mbona basi tunapiga window? Kwa sababu kupiga window kunalipa bila kufikiri, na kwa sababu vyuo vyetu vinamfundisha kijana kusakinisha tu, havimfundishi kompyuta inawakaje. Anahitimu na cheti cha matengenezo bila kuwahi kufungua orodha ya UEFI hata mara moja. Huyo tunamkabidhi diski za watu.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Laptopu za mtumba zilizojaa kwenye maduka yetu, nyingi hazivuki kizingiti hicho. Wenye nazo wanaanza kuweka Linux pembeni ya Windows yao ya zamani, taratibu, wakijaribu, wakiwa na hofu. Mtu huyu akiamka siku moja akakuta menyu haipo, na fundi akamfutia kila kitu, hatajaribu tena. Atasema Linux ni kitu cha kuharibika.

Madai yangu kwa watengenezaji wa mifumo, wote, wa kulipia na wa bure, ni haya. Sasisho lisome orodha ya kuwasha kabla ya kuanza, na likimaliza liiache kama lilivyoikuta. Likiona kuna sababu ya usalama ya kuibadilisha, lisimame, liseme kwa lugha ya kueleweka, lisubiri jibu. Kwa fundi nadai swali moja kabla hajachomeka flashi: mbali na Windows, humu mna nini kingine? Akirudisha menyu bila kupoteza faili, alipwe kama aliyesakinisha, hata alipwe zaidi, kwa maana kaokoa mali. Na wewe uliyebeba laptopu yako dukani, akikwambia mpige window kabla hajaifungua BIOS akaitazama orodha, funga mashine yako uitie mfukoni uende duka la pili.