Daraja Zima, Mlinzi Hajaagizwa

Kompyuta moja ya Linux yaweza kuwa kama nyumba yenye vyumba vingi. Kila chumba huitwa kontena; kina mafaili yake na huduma zake, ingawa vyote hutumia kiini kimoja cha mfumo. Programu ya Incus, iliyochipuka kutoka LXD mwaka 2023, hujenga daraja liitwalo incusbr0. Kontena hufungwa kwenye daraja hilo kwa uzi wa kufikirika wenye ncha mbili: moja ndani ya kontena, nyingine darajani.

Askari mmoja mstaafu alitunza hesabu za chama cha akiba cha mtaa wao katika kontena la namna hiyo. Bintiye akaweka Docker katika kompyuta ileile kwa ajili ya masomo. Kompyuta ilipowashwa upya, kontena halikufika nje tena. Nakala ya hesabu, ambayo ni amana ya watu, ikakwama.

“Baba, nizime ukuta wote wa ulinzi?” binti aliuliza.

“La, mwanangu. Mlinzi haondolewi zamuni kabla ya kujulikana amepewa amri gani.”

Wakaanza karibu, kisha mbali. Kontena lilikuwa na anwani. Basi uzi ulikuwa mzima, na dnsmasq, mgawaji wa anwani, alikuwa kazini. Kontena likaliita daraja, likajibiwa. Likaita anwani ya nje kwa tarakimu, kimya. Hivyo kosa halikuwa la majina. Kompyuta yenyewe ilifika nje bila shida. Basi kizuizi kilikuwa baina ya daraja na lango.

Amri ya iptables ikawafunulia: mlango wa FORWARD uliwekwa DROP, yaani asiyetajwa asipite. Docker ilipotangulia kuamka, iliufungua upitishaji yenyewe na kuweka sharti hilo kwa usalama. Daraja la Incus haikulijua.

Dawa ilikuwa ruhusa mbili katika orodha ya DOCKER-USER: yanayotoka incusbr0 yapite, na majibu yake yarudi. Ukuta ukabaki umesimama. Kisha wakazihifadhi ruhusa hizo, kwani zisipohifadhiwa hupotea kompyuta ikizimwa.

Jioni ile nakala ya hesabu ilifika salama. Wenye makontena nyumbani wakumbuke mpango huo: anwani, daraja, lango, ndipo ukuta. Mwenda pole hajikwai.